Kujifunza kusoma na kuandika Kipunjabi ukubwani: uzoefu wangu wa darasa la Jumamosi

Nilizaliwa Mombasa katika nyumba iliyozungumza Kipunjabi kutwa kucha, lakini shuleni nilifundishwa kusoma Kiswahili na Kiingereza tu, na kwa hiyo nikawa mtu mzima anayeisema lugha ya nyumbani bila kigugumizi ilhali hawezi kusoma kadi ya harusi iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Hali hii ni ya kawaida miongoni mwetu tunaoitwa Makalasinga, hasa katika familia ambazo wazee wake walifika na kazi ya reli iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901.

Darasa ninalolitathmini hapa ni la watu wazima, na hufanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa gurudwara, yaani hekalu la Makalasinga. Hakuna ada, kila mtu hutoa anachojaliwa, hununua daftari lake, na hupewa kitabu chembamba cha herufi kiitwacho kaida. Mwalimu ni mama wa makamo ambaye sote, wakiwamo wanaomzidi umri, tunamwita Bhenji.

Hati inayofundishwa ni Gurmukhi, ile iliyosanifiwa na Guru Angad, kiongozi wa pili wa dini ya Makalasinga, katika karne ya 16. Ina herufi 35 za msingi, pamoja na chache zilizotiwa nukta chini, nyingi zikiwa za sauti kama z na f zilizoingia na maneno ya Kiajemi na Kiarabu. Ubora wa darasa hili unaonekana hapo hapo mwanzoni, kwa sababu Bhenji hatukaririshi herufi kama watoto wa chekechea. Huanza na sauti ambazo tayari tunazo kinywani, akitufuatisha mpangilio wa herufi zenyewe, ambao huanzia nyuma ya kinywa na kuishia midomoni, na kututaka tuweke kiganja mbele ya mdomo ili tuisikie pumzi inayotenganisha k na kh. Mwenzetu mmoja, fundi wa magari aliyejifunzia Kipunjabi gereji kwa mabwana zake, alilielewa jambo hili upesi kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nalo. Na yeyote aliyekulia Mvita, ambako kaa wa baharini na kaa la moto hayatamkwi kwa pumzi moja, hatalishangaa.

Katika kuandika, mkono uliozoea herufi za Kilatini husumbuka, kwa kuwa herufi za Gurmukhi hazikai juu ya mstari bali huning'inia chini yake. Bhenji hupita nyuma ya viti, akiinama juu ya daftari na kusema kwa upole, "Puttar (mwanangu), iache ining'inie, usiikalishe." Baada ya hapo huja alama za irabu, na hapa ndipo wengi hukwama. Chukua neno kitab, ambalo kila Mswahili atalitambua: irabu yake ya kwanza, i fupi, huandikwa kushoto kwa k ingawa hutamkwa baada yake, kwa hiyo jicho huikuta i kabla ya konsonanti inayoibeba. Alama nyingine ndogo, addak, hukaa juu ya mstari ili kukaza konsonanti inayofuata, na bila alama hiyo neno patta, yaani jani, husomeka pata, yaani anwani.

Somo lililonifaa kuliko yote lilihusu toni, jambo ambalo programu ya simu niliyokuwa nikiitumia kabla ya hapo haikuligusia kabisa. Kipunjabi hupandisha na kushusha sauti ili kutofautisha maana, lakini hati haina alama maalumu ya toni. Kazi hiyo hufanywa na herufi ambazo zamani ziliwakilisha sauti nyingine. Chukua maneno matatu ambayo kwa sikio geni yote husikika kama kora: farasi huandikwa kwa herufi ya gh, ilhali sisi husema k kwa sauti ya chini; mjeledi huandikwa kwa k ya kawaida; na mkoma huandikwa kwa k vilevile, ila huongezewa h ndogo chini ya herufi ya baadaye, nayo sauti hupanda. Anayeijua lugha kwa sikio huyatamka yote matatu bila kosa, kisha akiambiwa ayaandike hushika kalamu na kutazama dari. Bhenji alitumia alasiri nzima kwa jambo hili, na hakukosea.

Udhaifu wa darasa uko kwingine. Mara tu mwanafunzi anapoweza kuunganisha silabi, hupelekwa kwenye sala, na ingawa naelewa kwamba gurudwara lina haki ya kufanya hivyo, lugha ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Makalasinga chenye kurasa 1430, ni ya kale, na maneno yake mengi huishia kwa irabu fupi zinazoandikwa bila kutamkwa. Matokeo yake ni kwamba mtu husoma kwa mahadhi mazuri asichokielewa, huku kichwa cha habari cha gazeti la Punjab kikiendelea kumshinda. Isitoshe, karatasi za mazoezi zimechapwa kwa fonti ya zamani. Nilipotumiwa faili lake, simu yangu ilionyesha msururu wa herufi za Kilatini zisizo na maana. Kibodi ya Gurmukhi inapatikana kwenye simu nyingi siku hizi, lakini darasani haikutajwa hata mara moja, na mtu mzima wa leo huandika ujumbe wa simu mara nyingi zaidi kuliko barua. Kwa hayo darasa hili nalipatia nyota nne kati ya tano.

Wapunjabi Waislamu wanaotaka kusoma maandishi ya Lahore wajue kwamba hapa hawatayapata. Pakistani, yenye wasemaji wengi wa Kipunjabi kuliko India, hutumia hati ya Shahmukhi, iliyotokana na ya Kiarabu na inayoandikwa kutoka kulia. Aliyepitia chuo cha Kurani pwani ataingia katika hati hiyo kwa wepesi kuliko hii.

Muhula mpya huanza baada ya Vaisakhi, sikukuu ya Makalasinga ya mwezi wa Aprili. Afadhali kufika siku ya kwanza, kwa sababu safu za herufi hufundishwa mara moja na hazirudiwi kwa wachelewaji. Viatu huachwa mlangoni, kichwa hufunikwa kwa kitambaa, na daftari liwe la mistari mipana.