Biblia ya zipu, maandishi makubwa: inamfaa aliyelazwa?

Ukiingia duka la vitabu vya dini Moshi mjini ukasema unatafuta Biblia ya kumpelekea mgonjwa, mara nyingi utaoneshwa ile ya zipu: tafsiri ya Union Version, maandishi makubwa, jalada la ngozi ya kuigiza, kingo za dhahabu. Kama zawadi inapendeza. Lakini kwa mtu aliyelala hospitali ya Mawenzi au KCMC na dripu mkononi, sisi tunaozungukia wagonjwa tunaipa alama za wastani tu, na kinachoiangusha ni hiyo zipu.

Zipu inataka mikono miwili. Mkono mmoja ukiwa na sindano, Biblia inabaki juu ya kabati mpaka aje mgeni wa kuifungua. Ikiingiwa na vumbi inakwama. Watu wanaivuta kwa nguvu, kichwa chake kinapanuka, na meno yanaachia nyuma yake. Dawa ni kupaka nta ya mshumaa kwenye meno kisha kuipitisha taratibu, kwenda na kurudi. Bora jalada laini lisilo na zipu kabisa.

Maandishi makubwa hatuna ugomvi nayo, ila yanaongeza uzito. Weka mto mapajani, kitabu juu yake. Agano Jipya dogo lenye Zaburi na Mithali linashikika kwa mkono mmoja, lakini halina Ayubu wala Maombolezo, na mtu wa dhiki ndivyo anavyovihitaji.

Kabla hujalipa, fungua katikati ya mafungu ya kurasa uangalie mkunjo. Ukiona uzi, imeshonwa. Ikiwa ni gundi tupu, Zaburi zitatangulia kunyofoka, maana ndipo panapofunguliwa kila siku. Ikiwa mpya usiikunje mgongo kwa pupa: fungua kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, hivyo hivyo mpaka katikati. Kingo za dhahabu hushikana, ziachanishe kwa kidole. Kuandikia tumia penseli; wino wa kalamu za rangi hupenya karatasi hiyo nyembamba.

Tatizo letu kubwa zaidi ni zile kadi za “mistari ya faraja” zinazochomekwa ndani. Nyingi hukata mstari na kuuacha peke yake. Maombolezo 3:22-23 yanapendwa, sawa, lakini aya 20 za kwanza za sura hiyo ni kilio kitupu, na mgonjwa akianzia hapo anajua aliyeandika tumaini alipita wapi. Ayubu ndiye anayeumizwa zaidi. Maneno ya rafiki yake Elifazi yakisomwa kama faraja yanamwambia mgonjwa kwamba ametenda dhambi ndiyo maana anaugua, na katika 42:7 Mungu anasema wazi kuwa Elifazi na wenzake hawakunena yaliyo sawa. Jambo jema walilofanya marafiki hao liko 2:13: walikaa siku saba bila kusema neno. (Wageni wa wodini wangeanza na aya hiyo.)

Yakobo 1:2, kuhesabu majaribu kuwa furaha, ni kweli, lakini usimfungulie mtu siku ya kwanza ya msiba. Inasikika kama amri ya kuacha kulia. Anza na Zaburi 13. Ina aya sita tu: mbili za kuuliza “hata lini”, mbili za kuomba, mbili za kutumaini. Akichoka baada ya aya ya pili, funga kitabu, hajakosea kitu. Zaburi 88 nayo inaishia gizani bila sifa yoyote, na bado imo katika Maandiko. Kwa anayedhani imani yake imekufa kwa sababu hawezi kuimba, hiyo inafaa kuliko mahubiri marefu. Akipata nguvu, mpeleke 2 Wakorintho 1:8, Paulo anapokiri kwamba alilemewa mpaka akakata tamaa ya kuishi.

Utepe mmoja wa kuwekea alama hautoshi kwa safari hiyo. Gundisha mwingine juu ya mgongo, ubaki Zaburi 13, wa kiwandani uhame naye.

Kwa mgonjwa Mkatoliki, mwambie muuzaji kabla hajafunga mfuko: Union Version ya kawaida ina vitabu 66, yeye anahitaji yenye 73.