Gemu za kuvizia vitani: ipi ununue kwa ajili ya PS yako ukiwa Mbeya au Iringa

Ingia duka lolote la gemu Mwanjelwa, Kabwe au Miyomboni. Utaonyeshwa mpira kwanza, kisha magari, kisha gemu za vita ambazo kazi yake yote ni kufyatua risasi mpaka kidole kiume. Gemu za kuvizia hukaa chini ya rundo. Hizi ni zile ambazo unalala kwenye majani ukisoma mzunguko wa mlinzi, unampitisha mwenzako nyuma ya mgongo wake, na unaimaliza kambi nzima king'ora hakijalia. Wauzaji wengi hawajazicheza, kwa hiyo ushauri wao hauendi mbali. Mimi ndizo ninazozipenda kuliko zote, na inaniuma mtu anapotoa pesa yake kwa gemu ya aina hii akaishia kuichukia kwa sababu alichukua isiyomfaa.

Mtu wa Iringa hahitaji kuelezwa utamu wake. Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilijificha vichakani likaiacha safu ya Wajerumani ya Zelewski iingie yote, ndipo likainuka. Zelewski mwenyewe aliuawa siku ile. Subira, kuijua ardhi, na wote kuinuka kwa wakati mmoja: hizi gemu zinakudai hayo hayo.

Kabla ya orodha, elewa kitu kimoja, maana ndicho kilichoipanga. Gemu za kuvizia kwa kikosi zilizaliwa kwenye kompyuta. Commandos ya kwanza, gemu ya Vita Kuu ya Pili kutoka Pyro Studios ya Madrid, ilitoka mwaka 1998 kwa kompyuta tu, na kila kitu ndani yake kilitegemea mausi: unamchagua mtu kwa kubofya, unamtuma kwa kubofya, unakagua macho ya adui kwa kubofya. Ukiileta kwenye pedi lazima uifikirie upya. Watengenezaji waliofanya hivyo wametoa gemu tamu kabisa. Wale waliohamisha tu vitufe wametoa gemu ambayo utakamatwa kila mara kwa sababu kidole kilienda pasipo. Jina kubwa kwenye boksi halitakusaidia hapo. Kwa hiyo nimeangalia pedi kwanza, halafu mashine ambayo watu wa huku wanayo, halafu umeme na bando.

Ya kwanza: Shadow Tactics: Blades of the Shogun (PS4, Xbox One)

Si Vita Kuu ya Pili, na najua wengine wataishia hapo hapo. Wasifanye hivyo. Ni Japani ya mwanzoni mwa karne ya 17, ukiwa na kikosi cha watu watano wanaomtumikia shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi. Waliitengeneza Mimimi ya Munich, Ujerumani, ikatoka kwa kompyuta mwaka 2016 na kwa PS4 na Xbox One mwaka uliofuata.

Kwa nini iko juu? Kwa sababu ukiishika pedi unasahau kabisa kwamba ilianzia kwenye mausi. Kijiti cha kushoto kinamtembeza mtu wako moja kwa moja, cha kulia kinazungusha kamera, na kubadili kutoka kwa mtu mmoja kwenda mwingine ni jambo la nukta moja. Ukitaka kujua mlinzi anaona wapi, unamchagua na koni yake ya macho inatokea chini kwa kijani. Sehemu ya koni iliyojaa rangi, ukiingia umeonekana. Sehemu yenye mistari, ukiinama unapita.

Watu wenyewe wamepangwa vizuri mno. Hayato anarusha nyota ya chuma, lakini lazima akaiokote ndipo airushe tena, kwa hiyo kila ukimuua mtu kwa mbali unabaki na deni la kwenda kuifuata. Yuki, binti mdogo, anapiga filimbi kumvuta mlinzi mpaka kwenye mtego wake. Mugen ni samurai mzito, anaweza kumaliza watu kadhaa kwa mkupuo mmoja ila hapandi kuta. Aiko anavaa nguo za kujibadilisha na kumshika mlinzi kwa maongezi. Mzee Takuma ana mguu wa mti na bunduki ya kulenga mbali. Walinzi nao si wa aina moja. Wale wenye kofia za majani hawaondoki mahali pao kwa kuvutwa na chambo, na samurai hauawi kirahisi. Kwenye theluji unaacha nyayo, na mlinzi akiziona anazifuata. Mara ya kwanza jambo hilo likinitokea nilikuwa nimeshajificha ndani ya kichaka nikijiona mjanja.

Kilele chake ni ile hali ya kupanga pamoja: unampa kila mtu kitendo kimoja, unabonyeza, wote wanatenda kwa mpigo. Walinzi watatu wanaoangaliana wanaanguka mara moja, na hakuna aliyebaki wa kupiga kelele. Hakuna goli la dakika ya 90 litakalokupa raha hiyo.

Jambo la mwisho ni la kwetu sisi wa umeme wa kukatika. Unasevu popote, wakati wowote, kwa kitufe, na gemu yenyewe inakukumbusha muda uliopita tangu usevu. Misheni moja inaweza kukuchukua saa mbili. Umeme ukienda, unapoteza dakika chache tu.

Ukiimaliza na bado una kiu, Mimimi hao hao walitoa Desperados III mwaka 2020, nayo ipo kwa PS4 na Xbox One. Ni ya wachunga ng'ombe wa Marekani wenye bastola, haina vita vya majeshi, lakini kwa utengenezaji imeipita hata kaka yake. Pale unapopanga vitendo muda unasimama kabisa, isipokuwa ukichagua ugumu wa juu. Kwa anayeanza kuvizia, huo ni msaada mkubwa. Ningeiweka ya kwanza kama orodha hii isingekuwa ya vita.

Ya pili: Commandos: Origins (PS5, Xbox Series)

Hii ndiyo vita yenyewe. Ilitoka Aprili 2025, imetengenezwa na Claymore Game Studios chini ya Kalypso, kampuni ya Ujerumani iliyonunua haki za Commandos mwaka 2018. Inasimulia jinsi kikosi kile cha zamani kilivyokutana: komando mwenye kofia ya kijani, mtega mabomu, mlenga shabaha, dereva, mzamiaji na jasusi. Kutoka jangwa la Afrika mpaka kwenye barafu ya kaskazini, ramani ni kubwa na zimejaa njia. Unaweza kusimamisha muda ukampa kila mtu kazi yake, kama kwenye Desperados III.

Uzuri wake mwingine ni kwamba watu wawili mnaweza kucheza pamoja kwenye runinga moja, skrini ikigawanywa. Nyumba yenye kaka na mdogo wake, hakuna gemu bora zaidi kwenye orodha hii. Mmoja anamvuta mlinzi, mwingine anamsubiri kwenye kona, na ugomvi wa nani aliharibu mpango unaendelea mpaka jikoni.

Imekaa ya pili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ilitoka kwa mashine mpya, na huku PS5 bado ni za wachache. Ya pili, ilitoka ikiwa na kasoro ambazo watengenezaji wameendelea kuzisahihisha kwa masasisho, kwa hiyo ni lazima uiunganishe na intaneti kabla ya kuanza. Usianze kuicheza kavu kavu kutoka kwenye diski. Weka bando la usiku, iache ipakue, ucheze kesho yake.

Ya tatu: Metal Gear Solid V: The Phantom Pain (PS3, PS4, Xbox 360, Xbox One)

Kama nyumbani una PS3, hii ndiyo yako na huna haja ya kuendelea kusoma orodha. Ya Konami, mwaka 2015, ikiongozwa na Hideo Kojima. Ni Afghanistan ya mwaka 1984, wakati majeshi ya Kisovieti yamo nchini, kisha hadithi inahamia mpaka wa Angola na Zaire.

Hapa unamwongoza mtu mmoja, si kikosi, ila mkakati upo kwenye kujenga kambi yako baharini: unawateka askari wazuri kwa kuwarusha hewani na puto, wanakuwa watu wako. Na adui anajifunza. Ukiwapiga sana risasi za kichwa wanaanza kuvaa helmeti. Ukivamia usiku kila siku wanaanza kuja na miwani ya kuonea gizani. Sijaona gemu nyingine inayomlazimisha mvamizi abadilike namna hii.

Ya PS4 inakwenda laini zaidi, fremu 60 kwa sekunde dhidi ya 30 za PS3. Kusevu ni kwa vituo tu, gemu inajisevia inapotaka yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya misheni unarudishwa nyuma. Hilo ndilo lililoishusha. Sehemu ya pili ya hadithi pia inaisha kama imekatwa, na mashabiki wengi wamelilalamikia hilo.

Ya nne: Sniper Elite 4 (PS4, Xbox One, Switch)

Italia, 1943. Mlenga shabaha mmoja, misheni nane pana, kila moja ikiwa na njia nyingi za kuingilia. Imetengenezwa na Rebellion wa Uingereza, 2017. Kinachonipendeza ni matumizi ya sauti: unasubiri ndege ipite juu au unaharibu jenereta iungurume, kisha unapiga risasi wakati ambao hakuna atakayeisikia. Mkakati wa kikosi haupo. Lakini kwa mtu anayetoka kwenye gemu za kufyatua na anataka kujifunza subira, daraja lake ni hili. Onyo kwa wazazi: risasi ikigonga, kamera inaonyesha mifupa na viungo vikipasuka. Unaweza kupunguza hilo kwenye mipangilio, na kama kuna watoto sebuleni fanya hivyo mapema.

Sniper Elite 5 ya mwaka 2022, iliyoko Ufaransa ya 1944, ni pana zaidi. Kwa mwenye PS4 tofauti ya bei haistahili.

Ya tano: Commandos 2 HD Remaster (PS4, Xbox One, Switch)

Inaniuma kuiweka hapa. Commandos 2 ya mwaka 2001 ni kati ya gemu bora za kuvizia zilizowahi kutengenezwa, na ina misheni inayochezwa Burma dhidi ya Wajapani. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walipelekwa vitani huko huko, Bama kama wenyewe walivyopaita, mwaka 1944. Mjukuu wa askari wa Keya akiingia kwenye msitu ule kwenye skrini, anakuwa na sababu yake mwenyewe ya kutulia.

Lakini toleo hili la mwaka 2020, ambalo ni gemu ile ya zamani iliyosafishwa picha, limeletwa kwenye pedi bila uangalifu wa kutosha. Vitu vidogo vya kuokota ni taabu kuvilenga, na menyu ya vifaa inakuchelewesha wakati mlinzi anageuka. Nunua kama ulishawahi kuicheza kwenye kompyuta na unaijua kichwani. Kama ni mara yako ya kwanza, itakukatisha tamaa ya aina nzima ya gemu hizi. Commandos 3 HD Remaster ina matatizo ya namna hiyo hiyo, na gemu yenyewe tangu mwanzo ilikuwa nyembamba kuliko ya pili.

Commandos: Strike Force ya PS2 usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Ina jina la ukoo, lakini waliigeuza kuwa ya kufyatua kwa macho ya askari.

Unaponunua

Diski, kama mashine yako ina tundu lake. PlayStation haina duka la Tanzania mtandaoni. Watu hufungua akaunti ya Marekani au Uingereza, kisha hununua kadi za kuongezea pesa za nchi hiyo hiyo. Kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani, na wapo waliopoteza pesa hapo. Diski za PS4 zinacheza popote zilikotoka, na ukimaliza unaiuza au unabadilishana na mwenzako wa Uyole au Kihesa. Xbox Series S haina njia hiyo, na PS5 isiyo na tundu haina pia, isipokuwa zile mpya zinazokubali kuongezewa kisoma diski; fikiria hilo kabla hujanunua mashine.

Gemu hizi mara nyingi zinaagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi. Kabla hujatuma pesa, omba picha ya upande wa chini wa diski kwenye mwanga, pamoja na picha ya boksi. The Phantom Pain hasa, kwa kuwa ipo ya PS3 na ya PS4 na PS4 haisomi diski ya PS3. Boksi la PS4 ni la bluu. Ukiwa dukani, mwambie muuzaji aiweke kwenye mashine yake na usiondoke menyu ilipotokea tu: cheza kidogo, kwa sababu diski yenye mikwaruzo huweza kufungua vizuri kisha ikakwama inaponakiliwa. Na ukiwa unakwenda kulipa, ongeza UPS, kifaa chenye betri kinachoiacha mashine ikiwaka kwa dakika chache umeme ukikatika; stebilaiza peke yake haizuii kuzimika. PS4 ikizimika ghafla huwaka tena ikianza kukagua hifadhi yake, na alama ya kusevu ikiwa bado inazunguka wakati umeme unakwenda, faili lenye misheni zako zote ndilo linaloweza kuharibika.