Unga wa pakiti au wa kusiaga: upi unaufaa utumbo mpana?

Ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu ununue mahindi, mtama na wimbi, kisha uyapeleke posho, yaani kwenye kinu cha kusiaga, unapata unga wenye ganda na kiini chake. Hapo kwenye ganda ndipo zilipo nyuzinyuzi: huharakisha choo, na bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana. Ulaji wa nafaka zisizokobolewa unahusishwa na hatari ndogo ya saratani ya utumbo huo. Kwa hili, pakiti nyeupe haifui dafu.

Lakini pakiti ina lake. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka iongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Wa posho mara nyingi hauna. Tena inakaa kabatini. Wa kusiaga una mafuta ya kiini, huchacha upesi, na mahindi yenye ukungu huleta sumukuvu, hatari kwa ini.

Bei hubadilika na msimu. Baada ya mavuno, bei ya gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka, hushuka.

Mwenye familia kubwa na posho jirani, asiage kidogo kidogo. Unayeishi peke yako chumba kimoja, nunua pakiti, ila sahani ijae sukuma, kunde na maharagwe. Soseji za kila asubuhi, nakusihi, punguza: tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limeziweka nyama za kusindikwa kati ya visababishi vya saratani hii.