Fleti ya kodi iliyodhibitiwa New York: bahati nasibu au utafute mwenyewe?

Kwa gharama, bahati nasibu ya Housing Connect (tovuti ya Jiji la New York ya kuombea fleti za bei nafuu) inashinda: kuomba ni bure na kila fleti ina viwango vyake vya kipato. Ila unaweza kungoja hata miaka, na ukiitwa, hati za mshahara na benki lazima zilingane na ulichojaza.

Kutafuta mwenyewe huenda haraka, lakini hapa ndipo watu wanapoumizwa. Lenga majengo ya kabla ya 1974 yenye fleti 6 au zaidi, ila umri wa jengo si ushahidi: fleti nyingi zilitolewa kwenye udhibiti kabla ya sheria ya 2019 kuzuia jambo hilo. Kabla ya kusaini, dai kiambatisho cha mkataba kinachoonyesha kodi ya mpangaji aliyetangulia. Ukishahamia, omba DHCR (idara ya nyumba ya jimbo) historia ya kodi ya fleti hiyo, bila malipo. Ukiona kodi imeruka ghafla kati ya mpangaji mmoja na mwingine, dai maelezo.

Matengenezo? Jengo jipya, kama mengi ya bahati nasibu, huwa na matatizo machache. La zamani, kagua kwanza rekodi za ukiukaji za HPD (idara ya nyumba ya jiji): joto, panya, ukungu.

Aliyepewa notisi ya siku 30 hawezi kungoja bahati nasibu. Anayekaa kwa ndugu aombe, huku akitafuta.