Tangi la samaki lililovuja, sasa nyumba ya hamsta wetu: uzoefu wangu

Tunaishi Leipzig, Ujerumani. Mwaka juzi, mwezi wa Desemba, binti yangu wa miaka tisa alipata hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, aliyekuwa akimlilia tangu darasa la kwanza. Ni hamsta wa Syria, yule mkubwa mwenye rangi ya dhahabu, tukamwita Tangawizi. Duka tulikomnunua walituuzia na kizimba chake: waya pande zote, sakafu ya plastiki, ghorofa mbili, ngazi na gurudumu la kukimbilia. Urefu sentimita 60, upana 36. Nililipa yuro 65, nikarudi nyumbani nikiamini kazi imekwisha.

Usiku wa tatu nikasikia. Kuanzia saa tano, krr krr krr, meno juu ya waya. Anatafuna, anaparamia mpaka darini, ananing'inia, anaanguka, anaanza upya hadi alfajiri. Binti yangu akasema anacheza, nami nikaamini hivyo kwa wiki mbili, mpaka nilipoona manyoya ya puani yamenyonyoka na ngozi imekuwa nyekundu. Iliniuma sana. Mnyama huyu hakuomba kuja kwetu, sisi ndio tuliomleta.

Nikaanza kusoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kununua. Hapa Ujerumani kuna chama cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia ustawi wa wanyama, TVT, na wao wanasema makazi ya hamsta yasipungue sentimita 100 kwa 50, na kimo cha 50. Kizimba changu hakikufika hata nusu ya eneo hilo. Zile ghorofa hazisaidii kitu, kwa sababu hamsta haoni vizuri na akidondoka kutoka juu anaweza kuvunjika mguu. Kilichonifungua macho zaidi ni jaribio la Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, lililochapishwa mwaka 2006. Waliwaweka hamsta wa dhahabu kwenye maranda ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Wale wa sentimita 10 walitafuna waya zaidi kuliko wenzao. Wale wa 80 hawakuonekana wakitafuna waya hata mara moja. Na mimi nilikuwa nimemwekea sentimita nne, kwa sababu trei ya kile kizimba haikubali zaidi. Ukiongeza, yote yanamwagika nje anapofukua.

Nilimsimulia mama kwa simu. Yuko Muheza, amefuga kuku miaka yote, akaniambia, "Mwanangu, hata kuku humwekei maranda ya kuonja." Basi nikajua ninachotafuta ni sakafu pana na kuta zinazoweza kuzuia maranda.

Nililipata kwenye matangazo ya vitu vilivyotumika: tangi la kioo la samaki, sentimita 120 kwa 50 kwa 50, mwenyewe akiliuza yuro 40 kwa kuwa linavuja pembeni. Kwa samaki halifai tena, kwa hamsta halina kasoro. Tulilibeba watu wawili, ghorofa ya tatu, na mgongo ulinikumbusha wiki nzima. Juu nilitengeneza kifuniko cha fremu ya mbao na wavu wa waya wenye matundu madogo, hewa ipite. Kifuniko cha kioo usikitumie hata kidogo.

Sentimita 80 za urefu wa tangi nimezijaza maranda kina cha 30. Hiyo peke yake ni lita 120, na hapo ndipo pesa zilipokwenda. Maranda matupu yanaporomoka, kwa hiyo napanga tabaka la maranda, tabaka la nyasi kavu, kisha nashindilia kwa viganja. Shimo likichimbwa linasimama. Maranda ya mwerezi sitaki kuyaona, mafuta yake yanadhuru mapafu. Pamba ya kulalia wanayouza madukani pia niliitupa: nyuzi zake hujiviringisha mguuni, au akizimeza zinaziba tumbo. Karatasi ya chooni isiyo na manukato inatosha, huichana mwenyewe. Kitu chochote kizito, kama kile kijumba cha mbao, kisimame juu ya miguu inayofika kwenye kioo cha chini, la sivyo siku akichimba chini yake kitamfunika. Gurudumu la zamani lilimfanya akimbie mgongo umepinda, nikanunua la kipenyo cha sentimita 30, lisilo na vijiti.

Usiku wa kwanza alizunguka kuta tu, akinusa. Wa pili akatoweka. Asubuhi tuliona mlango mmoja kwenye maranda, na kupitia kioo tukaona njia inayoshuka hadi chini kabisa, chumba cha kulala na ghala la mbegu za alizeti. Binti yangu alikaa mbele ya tangi mpaka akachelewa shule. Kelele za meno ziliisha wiki ile ile, na manyoya ya pua yameshaota.

Ubaya wake upo. Ni zito, ukiliweka umeliweka. Liweke mbali na dirisha, kioo kikipigwa na jua ndani huwa tanuri. Na anayetaka kumwona mnyama wake mchana atasikitika, kwani sasa Tangawizi hujitokeza saa nne usiku, watoto wameshalala. Kusafisha si kazi kubwa kama nilivyodhani: natoa tu kona anayokojolea, mengine nayaacha, maana ukimbadilishia yote kwa mkupuo unamwondolea harufu ya kwake.

Kile kizimba cha yuro 65 kiko stoo. Jirani aliniomba nimuuzie, mwanawe naye anataka hamsta. Nilimkatalia, nikampa vipimo vya tangi, na Jumamosi tunakwenda pamoja kutafuta.