Kuipoza RTX 3090 kwa maji katika joto la Tanga

Kaskazi inapovuma na joto kupanda, chumba changu hapa Ngamiani hubaki na nyuzijoto 32 hata baada ya magharibi. Kadi ya michoro ya kompyuta yangu, yaani sehemu inayochora picha za michezo kwenye skrini, ni RTX 3090, iliyotolewa na NVIDIA mwaka 2020 na yenye kutumia umeme wa wati 350. Ilikuwa ikipozwa na feni zilizopuliza hewa ambayo yenyewe ilikwisha kupata moto, na ndiyo sababu Januari nilinunua seti ya kupozea kwa maji.

Seti hiyo ina sahani ya shaba yenye mifereji myembamba inayokaa juu ya chipu, pampu, tangi dogo, mipira ya kupitishia maji, na rejeta ya milimita 360 yenye feni tatu, inayoyapoza maji kwa hewa kama ile ya gari. Fundi aliyeifunga aliiwasha pampu peke yake kwa saa kadhaa, kompyuta ikiwa imezimwa na karatasi za shashi zikiwa chini ya kila kiungo ili tone lolote lionekane mapema; kwa uangalifu huo pekee nitamrudia. Mchezo mzito uliokuwa ukiifikisha chipu nyuzi 84 sasa hauivushi 62, na kelele imepungua mno.

Kasoro kubwa iko nyuma. Kadi hii ina kumbukumbu ya gigabaiti 24, na nusu ya vipande vyake vimepangwa upande wa nyuma wa bodi, ambako sahani ya seti niliyonunua haifiki. Bati la nyuma liliendelea kuunguza vidole hadi nilipoliwekea feni ndogo. Muuzaji alipaswa kunieleza jambo hilo kabla ya kupokea fedha zangu. Anayetaka kununua aulize pia kama rejeta ni ya shaba, kwa sababu shaba na alumini zikichangia maji yale yale, alumini huliwa. Na maji yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa tena, si ya bomba.

Nilishauriwa niongeze mtambo wa kuyashusha maji chini ya joto la chumba, nikakataa. Wanaoshindania rekodi za kasi ya kompyuta hutumia naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini huiziba bodi vizuri dhidi ya unyevu na huiendesha kwa muda mfupi. Hapa kwetu chupa ya soda baridi hutokwa na jasho mara tu inapowekwa mezani, na jasho hilo hilo lingedondokea bodi yenye umeme. Rejeta ya kawaida haiwezi kuyapoza maji kupita hewa inayoizunguka, na kwa mji wa pwani mpaka huo ndio kinga yetu.

Joto lenyewe halipotei, bali huhamia chumbani. Kwa hiyo nimeisogeza kompyuta hadi dirishani, rejeta ikitazama nje.