SQLite au PostgreSQL kwa projekti ya pembeni?
Zote mbili ni programu za databesi, yaani za kutunza data za app. Mi kwa projekti zangu za pembeni, zile za muda wa ziada, nachagua SQLite karibu kila mara, yaani databesi nzima ni faili moja tu, hakuna seva (programu ya kukaa imewashwa muda wote) ya kuwasha wala paswedi ya kusahau, bekapu unakopi faili basi (ila sio wakati programu inaandika, unaweza kukopi takataka). PostgreSQL inataka seva yake, yuza zake, mipangilio kibao, na wengi tunaiweka kwa mzigo wa watumiaji ambao haujafika na pengine haufiki. Inapoishinda SQLite kweli ni kwenye kuandika: SQLite inaruhusu mmoja tu aandike kwa wakati, wengine foleni, PostgreSQL inapokea wengi kwa pamoja. Kwa hiyo ukijenga app ya kuchati, sawa, PostgreSQL. Daftari lako la matumizi? Acha hizo bana.